Aliyelengwa na Aliyepigwa: Kwa Nini Marekani Hushambuliwa, na Kwa Nini Tufe Sisi?

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni vilipuzi lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye makutano ya Barabara ya Moi na ile ya Haile Selassie jijini Nairobi. Takriban wakati uo huo lori jingine lililipuka katika ubalozi wa taifa hilo jijini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam wakafa 11. Maelfu walijeruhiwa, na baadhi yao walipofushwa na vioo kwa sababu walikuwa wamekimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza. Kati ya watu hao 224 waliokufa, Wamarekani walikuwa 12, na wote walifia Nairobi.

Mwandishi wa makala haya ni wa kizazi ambacho siku hiyo kilikuwa hakijazaliwa au kilikuwa kingali kimebebwa mgongoni. Tumeirithi habari hii kutoka kwa wazazi na walimu wetu, na pamoja nayo tumerithi swali ambalo bado halijajibiwa kwa namna ya kuridhisha: kwa nini Marekani? Swali hili likichunguzwa vizuri, itadhihirika kwamba ni maswali mawili yaliyofungwa katika mtumba mmoja. La kwanza linamhusu aliyelengwa: kwa nini taifa hili kubwa la Magharibi huwa shabaha ya magaidi wenye itikadi kali? La pili linamhusu aliyepigwa: kwa nini karani, mchuuzi na abiria wa Nairobi walikufa kwa ugomvi ambao hawakuujua chanzo chake?

Makala haya yanashikilia kwamba swali la kwanza lina jibu, na kwamba jibu hilo ni la kisiasa na la kihistoria. Linaweza kuelezwa kwa tarehe na matukio. Swali la pili nalo linaweza kuelezwa lilivyotokea, lakini haliwezi kamwe kupewa uhalali. Kosa la mijadala yetu mingi, darasani na nje ya darasa, ni kuyachanganya maswali haya mawili. Anayejibu la kwanza hushukiwa kuwa anawatetea wauaji. Anayelilia la pili huonekana amekuwa kibaraka wa Marekani. Kwa hiyo wengi wetu tumeamua kunyamaza.

Majibu mawili mepesi

Kuna majibu mawili ambayo yamezoeleka, na yote mawili ni mepesi kuliko uzito wa jambo lenyewe.

Jibu la kwanza ni lile lililotolewa na Rais George W. Bush mbele ya Bunge la Marekani tarehe 20 Septemba 2001, siku tisa baada ya mashambulizi ya New York na Washington yaliyoua watu karibu 3,000. Kiongozi huyo aliwaeleza wananchi wake kwamba magaidi wanauchukia uhuru wao: uhuru wa kuabudu, wa kusema na wa kupiga kura. Jibu hili lina faraja ndani yake, maana linamfanya aliyepigwa asiwe na haja ya kujitazama. Hata hivyo, halielezi kwa nini nchi nyingine nyingi zenye uhuru kama huo hazikulengwa kwa kiwango kile kile. Osama bin Laden mwenyewe, katika hotuba yake ya video ya Oktoba 2004, alilikejeli jibu hili kwa kuuliza ni kwa nini basi hawakuishambulia Sweden.

Jibu la pili husikika zaidi kwetu huku, hasa vijiweni na wakati mwingine katika kumbi za mihadhara. Husemwa kwamba Marekani imejitakia, kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe. Wanaosema hivi husahau kuhesabu. Aliyechimba kisima ni mmoja na waliotumbukia ni wengine. Ikiwa ubalozi ndio uliolengwa, mbona jengo la Ufundi lililokuwa jirani ndilo lililoporomoka na kuwafukia watu wetu? Ikiwa Marekani ndiyo iliyoadhibiwa, mbona Dar es Salaam hakufa Mmarekani hata mmoja?

Jibu la kwanza humwondolea mwenye nguvu lawama zake. La pili humwondolea muuaji lawama zake. Mwanataaluma hana budi kuyakataa yote mawili.

Kuni za moto ule

Tukitaka kujua kwa nini Marekani ililengwa, hatuna haja ya kubahatisha, kwa sababu waliolenga walisema. Mnamo Agosti 1996, na tena Februari 1998, bin Laden na wenzake walitangaza hadharani vita dhidi ya Marekani na kutaja sababu zao. Tangazo la mwaka 1998 lilitaja mambo makuu matatu: kuwapo kwa majeshi ya Marekani katika Bara Arabu, ambako ndiko kwenye miji mitakatifu ya Makka na Madina, mateso ya watu wa Iraki chini ya vikwazo na mashambulizi, na Marekani kuiunga mkono Israeli. Tangazo hilo hilo likaamuru Wamarekani na washirika wao wauawe, wawe wanajeshi au raia. Miezi isiyozidi sita baadaye, Nairobi na Dar es Salaam zikalipuliwa.

Kila moja ya sababu hizo ina historia inayoweza kuthibitishwa. Majeshi ya Marekani yalipelekwa Saudia mnamo Agosti 1990 baada ya Iraki kuivamia Kuwait, na yakaendelea kukaa hata vita vilipokwisha. Sehemu kubwa iliondoka mwaka 2003 tu. Inafaa kukumbuka kwamba amri ya kuyapeleka ilitolewa tarehe 7 Agosti 1990, miaka minane kamili kabla ya siku ya milipuko. Vikwazo dhidi ya Iraki, vilivyowekwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa msukumo mkubwa wa Marekani na Uingereza, vilidumu kuanzia mwaka 1990 hadi 2003, na wenye kuumia zaidi hawakuwa watawala bali watu wa kawaida. Suala la Palestina nalo ni jeraha la tangu 1948 ambalo halijapona.

Fauka ya hayo, pana jambo la Afghanistan. Katika miaka ya 1980 Marekani ilipeleka fedha na silaha, kupitia Pakistan, kwa wapiganaji waliokuwa wakipambana na majeshi ya Umoja wa Kisovieti. Wapiganaji wa kigeni waliomiminika huko kutoka nchi za Kiarabu walitoka vitani na mafunzo, mitandao ya urafiki na imani kwamba dola kubwa inaweza kuangushwa. Vita vilipokwisha mwaka 1989, Marekani iliyapa mambo ya nchi ile kisogo. Imani ile haikwenda likizo.

Karibu zaidi na kwetu ni Somalia. Majeshi ya Marekani yaliingia huko Desemba 1992 kwa lengo la kulinda misaada ya chakula. Mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 yaliua wanajeshi 18 wa Marekani na Wasomali mamia kadhaa. Machi 1994 Wamarekani wakaondoka. Al-Qaida ilichukua kutoka hapo somo moja: Marekani ikipigwa kwa kishindo huondoka.

Kwa hiyo taifa kubwa huwa shabaha kwa kuwa mkono wake umefika mbali. Nchi yenye kambi, manowari na ushawishi katika nchi za watu hujenga maadui katika nchi hizo, na haiwezi kutarajia kwamba kila anayeguswa na mkono huo atauona kuwa mkono wa baraka. Hata Januari 2020, Al-Shabaab iliposhambulia kambi ya Manda Bay kaunti ya Lamu na kuua Wamarekani watatu, shabaha ilikuwa ni mkono huo huo, ila safari hii ulikuwa umenyooshwa hadi pwani yetu.

Kuni peke yake si moto

Hata hivyo, msomaji asije akadhani kwamba malalamiko haya yanatosha kueleza kila kitu. Mamilioni ya watu waliikasirikia Marekani kwa sababu zizo hizo, wakaandamana, wakaandika, wakatunga mashairi, wakapiga kura, wala hawakuua mtu. Wapalestina wengi, Wairaki wengi na Waislamu walio wengi kabisa duniani hawakumtuma bin Laden. Kuni zikikaa miaka mia bila kiberiti hazitawaka. Kiberiti hapa ni itikadi inayofundisha kwamba dunia imegawanyika kambi mbili tu, kwamba asiye nasi ni adui, na kwamba mlipakodi wa Marekani ana hatia sawa na rubani wa ndege zake za vita.

Itikadi hiyo ina tabia ya kutanuka. Sweden iliyotolewa mfano na bin Laden haikusalimika. Desemba 2010 mtu alijilipua katikati ya Stockholm, na Aprili 2017 mtu mwingine akaliendesha lori katika umati wa jiji hilo akaua watu watano. Wa kwanza aliwataja wanajeshi wa Sweden waliokuwa Afghanistan pamoja na katuni za msanii mmoja wa nchi hiyo. Tunachojifunza hapa ni kwamba orodha ya madai ya gaidi haifungwi. Serikali ikiondoa kambi ya jeshi hupunguza kuni, nalo ni jambo jema. Lakini mwenye kiberiti atatafuta kuni nyingine, hata ziwe michoro ya kalamu.

Kisha kuna nafasi. Nairobi haikuchaguliwa kwa sababu Wakenya walikuwa wameikosea Al-Qaida. Ilichaguliwa kwa sababu ubalozi ulikuwa kando ya barabara yenye shughuli nyingi, ukifikika kwa urahisi. Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameionya Washington juu ya udhaifu huo kabla ya shambulio. Wapangaji, miongoni mwao Fazul Abdullah Mohammed wa Komoro, waliishi kati yetu. Khalfan Khamis Mohamed na Ahmed Khalfan Ghailani, waliohukumiwa kifungo cha maisha mjini New York kwa nyakati tofauti, wote walitokea Tanzania. Hatuna budi kulimeza hili hata kama ni chungu: sehemu ya maandalizi yale ilizungumzwa kwa watu waliokijua Kiswahili hiki hiki tunachokisomea shahada. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nyasi na mafahali

Hapa ndipo tunapolifikia swali la pili. Wengi wamezoea kulijibu kwa methali: wapiganapo fahari wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii ina ukweli, lakini katika jambo hili ina upungufu pia. Fahali hawazikusudii nyasi. Huzikanyaga tu katika kupigana. Gaidi huzikusudia nyasi. Anajua kwamba fahali mwenyewe ana pembe na ngozi ngumu, kwa hiyo huenda akazichoma nyasi alizosimama juu yake ili moshi wake uonekane mbali.

Mifano ni mingi. Tarehe 28 Novemba 2002, shabaha iliyotangazwa ilikuwa Israeli. Hoteli ya Paradise huko Kikambala ililipuliwa, na makombora yakarushwa kuelekea ndege ya abiria ya Israeli ikipaa kutoka Mombasa, yakaikosa. Katika hoteli walikufa Waisraeli watatu na Wakenya 10, baadhi yao wakiwa wachezaji wa ngoma waliokuwa wamekuja kuwalaki wageni. Tarehe 15 Januari 2019, Al-Shabaab ilishambulia hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi na kuua watu 21, wengi wao Wakenya. Taarifa ya kundi hilo ilidai kwamba hilo lilikuwa jibu kwa uamuzi wa Rais Donald Trump wa kuitambua Jerusalem kuwa mji mkuu wa Israeli. Tafakari, msomaji mpenzi: uamuzi umefanywa Washington, unahusu Jerusalem, na anayeulipia ni kijana aliyekwenda kazini Nairobi!

Sisi tunaotoka Busibwabo na vijiji vingine vya karibu na Busia na Malaba tuna sababu ya pekee ya kuuona uongo ulio ndani ya hesabu hiyo. Mtu wa mpakani hujua tangu utotoni kwamba serikali ni kitu kimoja na watu ni kitu kingine. Wateso na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Mama hulala Kenya, akanunua ndizi Uganda na kuziuza Kenya kabla ya adhuhuri. Hata neno bodaboda, ambalo leo limevuka nchi na nchi, lilizaliwa katika mpaka huu, kwa watu waliobebwa kwa baiskeli kutoka mpaka wa nchi moja hadi wa nchi nyingine. Mnamo Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipofyatuliana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa, waliogombana walikuwa wenye serikali. Shangazi wa upande wa pili hakuacha kuwa shangazi. Hakuna aliyesema kwamba kila Mganda ni Museveni au kila Mkenya ni Moi.

Ugaidi ni kukataa kuiona tofauti hiyo. Humtazama mtu akaona bendera tu. Hapa ndipo palipo kiini cha uovu wake, wala hakibadiliki hata pale malalamiko ya gaidi yanapokuwa na chembe ya haki.

Mwenzako akinyolewa

Yaliyofuata baada ya mwaka 2007 yameziweka nchi zetu wenyewe katika nafasi ya aliyelengwa, na yametupa nafasi ya kuupima uaminifu wetu. Machi 2007 Uganda ilipeleka wanajeshi Somalia chini ya kikosi cha Umoja wa Afrika. Tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala katika Klabu ya Raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kiethiopia huko Kabalagala, yakaua watu zaidi ya 70. Al-Shabaab ilisema wazi kwamba sababu ni wanajeshi wale. Desemba mwaka uo huo mlipuko ukatokea Nairobi penye basi lililokuwa likijiandaa kwa safari ya Kampala, safari ambayo hupitia katika mipaka yetu hii.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Oktoba 2011 Kenya nayo ilivuka mpaka na kuingia Somalia baada ya visa vya utekaji nyara huko Lamu na Dadaab. Yakafuata Westgate, Septemba 2013, watu 67. Na Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, ambapo 142 kati yao walikuwa wanafunzi kama sisi.

Sasa tujiulize. Ni wangapi kati yetu, baada ya Garissa, waliosema kwamba Kenya imejitakia? Wachache mno, na waliosema walionekana hawana utu. Ilhali wapo waliosema hivyo kuhusu Marekani bila kuona haya. Kwa upande wa pili, ni wangapi waliothubutu kuuliza kama kuingia Somalia kulifanywa kwa busara, na kama kulitufanya kuwa salama zaidi? Nao walikuwa wachache, kwa sababu waliouliza waliambiwa si wazalendo. Tulifanya yale yale tuliyowalaumu Wamarekani kwa kuyafanya mwaka 2001.

Aidha, dola iliyopigwa huwa na kishawishi cha kuiga kosa la aliyeipiga, yaani kumtazama mtu na kuona kundi. Siku 13 baada ya milipuko ya 1998, Marekani ilirusha makombora Afghanistan na katika kiwanda cha dawa cha Al-Shifa jijini Khartoum, ikidai kwamba kilihusika na silaha za kemikali. Ushahidi wa dai hilo ulitiliwa shaka sana baadaye. Aprili 2014 serikali ya Kenya iliendesha msako uliowakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na kuwafungia baadhi yao katika uwanja wa Kasarani. Baada ya milipuko ya Kampala, Wakenya kadhaa walikamatwa nchini na kuvushwa hadi Uganda bila kufuata utaratibu wa sheria wa kuwahamisha washukiwa. Wapo waliopatikana na hatia mahakamani Kampala mwaka 2016, na wapo walioachiliwa. Huyo aliyeachiliwa baada ya miaka mingi rumande ana jamaa na watoto. Kuni mpya hukusanywa namna hiyo.

Hata fidia imefuata njia ya aliyelengwa ikampita aliyepigwa. Sudan, iliyokuwa mwenyeji wa bin Laden katika miaka ya 1990, ilikubali mwaka 2020 kulipa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa mashambulizi kadhaa, yakiwamo ya 1998, pamoja na familia zao. Wakenya wengi waliojeruhiwa barabarani na katika majengo ya jirani wamedai fidia kwa zaidi ya miaka 20 bila mafanikio.

Neno mhanga

Wanakiswahili wenzangu wanaweza kuuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi wa lugha na fasihi? Yanatuhusu sana, kwa sababu uchanganyaji wa aliyelengwa, aliyepigwa na aliyepiga umekwisha kuingia katika lugha yetu.

Tazama neno mhanga. Asili ya matumizi yake ni heshima: kujitoa mhanga ni kukubali kuumia au kufa ili wengine wapone. Leo vyombo vya habari husema mshambuliaji wa kujitoa mhanga. Katika taarifa iyo hiyo, hasa kwa watumiaji wa upande wa Tanzania, waliouawa huitwa wahanga wa shambulio. Neno moja limemvika muuaji joho la shujaa, kisha likamfunika aliyeuawa kama sanda. Msikilizaji wa habari hiyo amepewa mhanga aliyeua na mhanga aliyeuawa, wala hakuna aliyemtenganishia.

Nijuavyo, wapo watakaosema kwamba lugha ni matumizi na kwamba maana huhama. Ni kweli. Lakini maana haihami yenyewe kama ndege wa masika. Huhamishwa na watu, na sisi ni miongoni mwa watu hao. Napendekeza kwamba aliyeua kwa kujilipua aitwe hivyo hivyo, mshambuliaji aliyejilipua. Na waliodhurika waitwe waathiriwa, kama ilivyozoeleka Kenya. Neno mhanga tuliwekee anayestahili.

Anayestahili yupo. Tarehe 21 Desemba 2015, watu wenye silaha walilisimamisha basi karibu na El Wak, kaunti ya Mandera, wakataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Mwaka mmoja kabla yake, katika kaunti iyo hiyo, abiria 28 wa basi walikuwa wameuawa baada ya kutenganishwa hivyo. Safari hii Waislamu walikataa. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi na akafariki mwezi uliofuata. Alikataa kuwatazama wenzake na kuona kundi. Huyo ndiye aliyejitoa mhanga, na kwa kitendo chake ameijibu itikadi ya magaidi kwa namna ambayo makombora hayajaweza.

Hitimisho

Kwa muhtasari, Marekani huwa shabaha kwa sababu ya matendo yake katika nchi za watu, kwa sababu ipo itikadi iliyoyageuza malalamiko ya kweli kuwa kibali cha kuua, na kwa sababu nafasi hupatikana. Kueleza hivyo si kuhalalisha. Daktari anayeeleza chanzo cha ugonjwa hausifu ugonjwa. Aliyekufa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Garissa hakuwa Marekani, wala hakuwa Umoja wa Afrika, wala hakuwa Jeshi la Kenya; alikuwa mtu aliyeamka asubuhi akiwa na shughuli zake.

Ombi langu kwa wahadhiri wetu ni kwamba swali la kwa nini lisifukuzwe darasani kwa hofu. Wanafunzi 142 wa Garissa waliuawa na watu wasiotaka maswali. Tusiwaenzi kwa kuacha kuuliza. Kwa wanafunzi wenzangu, hasa wale wasio Waislamu, naomba kwamba mwenzetu Mwislamu asilazimishwe kila mara kuomba radhi kwa dhambi ambayo hakuitenda. Na kwa chama chetu, ninashauri kwamba istilahi za ugaidi na usalama zijadiliwe katika kongamano lijalo, kwa kuanza na neno mhanga. Hiyo ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu, wala haihitaji ruhusa ya dola yoyote kubwa.